Kero ndogo za simu ndizo zinatuingiza kwenye kuskroli bila mwisho, tusaidiane hapa

#1 Mshumaa (mwanzisha uzi)

Wakuu habari zenu. Siku hizi kila mtu ana malalamiko mawili kuhusu simu na kompyuta yake. La kwanza zinaudhi, paswedi imekataa, memori imejaa, apdeti imekuja wakati una haraka, chaji haikai. La pili zinanata, ukishaishika simu huiachi. Sasa watu wanayachukulia kama mambo mawili tofauti kabisa, lile la kwanza wanalipeleka kwa fundi na hili la pili wanaishia kujilaumu, ooh sina nidhamu, ooh mimi mvivu. Mimi naona ni jambo moja. Kero ndio inakupitisha kwenye kishawishi, na ukiiondoa kero vishawishi vingi vinakosa pa kukukamatia.

Fuatilia safari moja tu uone. Unataka kuingia kwenye akaunti ulipie kitu, kazi ya dakika mbili. Paswedi inakataa. Unabonyeza nimesahau, wanakwambia tumekutumia barua pepe, unafungua barua pepe unakuta nyingine kumi na moja hujazisoma, moja ina kichwa kinachotisha kidogo unaifungua. Unarudi, sasa wanataka namba za siri zilizotumwa kwa meseji, unasubiri, hazijafika, na hapo ndipo penyewe, kwenye kule kusubiri kidole kinatafuta cha kufanya, juu kuna kialama chekundu, unagusa, kuna mtu kaweka stetasi, baada ya stetasi inakuja video, baada ya video inakuja nyingine. Ukija kushtuka zile namba zimeshapitwa na wakati inabidi uombe upya. Na lile la kulipia bado hujalipia.

Sasa hapo nidhamu imekosekana wapi? Mtu aliingia na shida ya kweli kabisa. Kilichomponza ni yale mapengo ya kusubiri katikati ya kazi, na upande wa pili wa pengo kuna vitu vilivyotengenezwa na watu wenye akili sana ili visimalizike.

Na hili la kutomalizika lina historia, halikuanguka kutoka mbinguni. Zamani ukurasa wa mtandao ulikuwa na mwisho, unafika chini unabonyeza "ukurasa unaofuata", na pale kwenye kubonyeza akili inapata nafasi ya kujiuliza naendelea au naacha. Mwaka 2006 mbunifu mmoja anaitwa Aza Raskin akabuni namna ya ukurasa kujiongeza wenyewe kila unaposhuka, na baadaye yeye mwenyewe amesema hadharani kwamba anajutia. Mwaka 2009 Apple wakaanzisha mfumo wa kusukuma arifa hadi kwenye simu hata kama apu hujaifungua, mwaka huo huo Facebook wakaweka kitufe cha laiki. Ukiunganisha hivyo vitatu unapata kitu kisicho na mwisho, kinachokuita chenyewe, na kinachokupa zawadi ambayo hujui itakuja lini.

Hilo la zawadi isiyotabirika ndilo zito kuliko yote. Mwanasaikolojia B.F. Skinner alilichunguza kwa njiwa miaka mingi kabla ya simu hizi. Njiwa anayepata punje kila baada ya idadi ileile ya kudonoa ukimkatia punje anaacha mapema. Yule ambaye punje inakuja bila mpangilio, mara baada ya kudonoa mara tatu, mara baada ya arobaini, anaendelea kudonoa muda mrefu sana hata punje zikikoma. Ukivuta skrini chini ili uone kama kuna kipya, mara kipo mara hakipo, mfumo ni uleule.

Kwa hiyo ushauri wangu naanza na kero, vishawishi baadaye.

Paswedi kwanza maana ndio chanzo cha safari nyingi. Acheni kukariri. Tumia programu ya kutunza paswedi, simu nyingi na brauza tayari wanayo ndani, wewe unakumbuka paswedi moja ndefu tu ya kuifungulia, zingine inaziunda na kuziandika yenyewe. Na ile tabia ya kubadilisha paswedi kila baada ya miezi mitatu bila sababu, taasisi ya viwango ya Marekani NIST iliacha kuipendekeza mwaka 2017, ilionekana watu wanaishia kuongeza 1 na 2 mwishoni. Badilisha kama kuna dalili imevuja. Zile namba za uthibitisho nazo, pale huduma inaporuhusu, zihamishe kutoka kwenye meseji ziende kwenye apu ya kutoa namba, inazitoa hapo hapo kwenye simu hata kama hakuna mtandao na nyingi zinabadilika kila baada ya sekunde 30, husubiri kitu. Tena ni salama zaidi, maana mwizi akifanikiwa kuhamisha laini yako meseji zote zinakwenda kwake. Ila hifadhi zile namba za akiba wanazokupa mwanzoni, ziandike kwenye karatasi, simu ikipotea bila hizo utalia.

Pili arifa. Ingia kwenye setingi uzime zote, kabisa, halafu washa moja moja ukijiuliza swali hili, je hii imetumwa na binadamu anayenihitaji mimi? Simu ya mama inapita. Meseji ya mtu inapita. "Kuna video unaweza kuipenda" haijatumwa na mtu, ni mashine inakuita, haipiti. Baada ya hapo utaona hata ukiwa katikati ya kusubiri kitu, juu ya skrini pako patupu, hakuna cha kugusa.

Karibuni tuchangie, ila naomba aliyejaribu kitu aseme kilimsaidiaje, tusiishie kwenye "jitahidi tu".

#2 Nyundo

Mkuu uzi mzuri ila naona tunamtafuta mchawi. Mimi nazima data, naweka simu pembeni, nafanya kazi yangu. Mtu mzima unashindwaje kuzima data? Hao wabunifu hawajamshika mtu mkono.

#3 Mshumaa

Nyundo kaka, kuzima data ni njia nzuri na wewe ukiangalia ulichofanya hujatumia nguvu ya moyo, umebadilisha mazingira, umeweka kikwazo kati yako na kitu. Ndicho ninachokisema. Tofauti yetu ni kwa yule ambaye kazi yenyewe iko kwenye data, anayesubiri mteja ajibu, mwanafunzi ambaye mwalimu anatuma kazi kwenye grupu, huyo akizima data amezima na riziki. Kumwambia azime ni kumwacha peke yake. Huyo anahitaji data iwepo na mtego usiwepo, na inawezekana.

Na kuhusu kushikwa mkono, kuna mtafiti Gloria Mark wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, amepima kwa miaka mingi mtu anakaa muda gani kwenye kitu kimoja cha skrini kabla ya kuhamia kingine. Mwaka 2004 wastani ulikuwa dakika mbili na nusu. Vipimo vya miaka ya karibuni vikatoa sekunde 47. Binadamu hawajawa wavivu ghafla ndani ya miaka hiyo, kilichobadilika ni vitu vilivyo mbele yao.

#4 Mtu wa Zamu

Mimi nakubaliana na mleta uzi ila kero yangu kubwa sio paswedi, ni magrupu ya kazi. Bosi anatuma ujumbe saa nne usiku, hausemi ni dharura, hausemi sio dharura, unakaa tu pale. Ukifungua tiki zinakuwa bluu basi umeshaonekana umesoma inabidi ujibu, usipofungua unalala unawaza. Na ukiingia kujibu ndio umeingia jumla, unatoka saa sita. Nimezima tiki za bluu lakini kwenye grupu bado wanaona nani kasoma. Mnafanyaje wenzangu?

#5 Bint Tulivu

Mtu wa Zamu pole, hilo la tiki ni kweli, WhatsApp ukizima taarifa za kusoma zinazimika kwa meseji za mtu mmoja mmoja tu, na wewe pia huzioni za wenzio, ila za grupu zinabaki. Mimi nilichofanya grupu la kazi nimelinyamazisha moja kwa moja sio kwa masaa nane, halafu nimelipeleka kwenye kumbukumbu yaani archive na nimeacha ile setingi ya kubaki huko hata meseji mpya ikija. Kwa hiyo halionekani juu. Naliingia mimi ninapotaka, asubuhi nikianza kazi, mchana na kabla ya kufunga.

Lakini lililonisaidia zaidi ni kuongea. Nilimwambia msimamizi wangu kwa adabu kabisa, usiku sipo kwenye meseji, kukiwa na dharura naomba unipigie simu. Akakubali palepale. Na tangu hapo simu za usiku ni chache mno maana ukimwambia mtu apige anajiuliza kwanza kama jambo lina uzito wa kupigiwa. Meseji haimgharimu chochote ndio maana anatuma.

#6 Mshumaa

Bint Tulivu umemaliza dada. Hilo la "dharura nipigie" kila mtu alichukue. Naongezea kidogo, Ufaransa kuanzia Januari 2017 sheria inazitaka kampuni za wafanyakazi 50 na kuendelea zikae na wafanyakazi wajadiliane haki ya kutopatikana baada ya kazi, na Australia mwaka 2024 sheria yao imempa mfanyakazi haki ya kutojibu nje ya muda wake isipokuwa kama kukataa huko hakuna busara. Nayataja ili Mtu wa Zamu usijione unadeka, mabunge yamekaa yakaona ni tatizo la kweli.

#7 Fundi Kimya

Salaam. Niongee upande wa vifaa maana ndio kazi yangu, watu wananiletea simu "nzito" wakitaka kununua nyingine na nyingi hazina ubovu wowote.

Memori kwanza. Simu ikikaribia kujaa kabisa inakuwa nzito kweli sio hisia zako, mfumo unakosa nafasi ya kupangia mafaili. Na kinachojaza mara nyingi ni picha na video za magrupu zinazojidaunlodi zenyewe. Zima kule kujidaunlodi, kisha ingia setingi za hifadhi ndani ya WhatsApp, inakuonyesha mafaili makubwa kwanza, futa kuanzia juu. Dakika kumi unapata nafasi kubwa.

Betri. Hizi za lithiamu adui yake mkubwa ni joto. Kuchaji simu ikiwa chini ya mto huku inacheza video ni kuila betri. Kama simu yako ina setingi ya kuishia asilimia 80 iwashe kwa siku za kawaida. Na betri ikichoka simu yenyewe inaweza kupunguza mwendo, Apple walikiri Desemba 2017 kwamba simu zao za zamani zenye betri iliyochoka zinapunguzwa kasi na programu ili zisizimike ghafla, na mwishoni mwa mwezi huo huo wakashusha bei ya kubadilisha betri. Watu walibadilisha betri tu simu ikarudi. Kwa hiyo kabla hujanunua mpya kagua afya ya betri. Na Umoja wa Ulaya tangu Juni 2025 unazitaka simu mpya zinazouzwa huko ziwe na betri inayobakiza angalau asilimia 80 ya uwezo baada ya kuchajiwa kamili mara 800, hapo unaona betri kuchoka upesi sio amri ya maumbile.

Apdeti usizikimbie, nyingi zinaziba mianya ya wezi, ila zipangie usiku simu ikiwa kwenye chaji. Na bakapu jamani. Bakapu. Sina namna nzuri ya kumwambia mzazi picha za mtoto wake zimekwenda, ni sehemu ngumu kuliko zote ya kazi hii. Ziwe sehemu mbili mbali na simu, moja mtandaoni na moja kwenye diski nyumbani.

Kuhusu hoja ya mleta uzi naiona kila siku. Simu ikiwa nzito mtu akifungua kitu kinachukua muda, anaruka kwenye kingine akisubiri. Nikiisafisha wengi wanarudi kuniambia wanaitumia muda mfupi zaidi.

#8 Mama Wawili

Asante sana Fundi Kimya, la betri nilikuwa silijui. Mimi nataka kugusia usiku na kitanda. Mwaka 2017 Reed Hastings aliyekuwa mkuu wa Netflix alisema wazi kwamba wanashindana na usingizi. Hilo lilinikaa sana. Mtu anayekuuzia video anauona usingizi wako kama mshindani wake, na wanangu wawili ndio wanaolala karibu na hivyo vifaa.

Nyumbani kwetu nimenunua saa za kengele za kawaida, za watoto na yangu, maana kisingizio cha kila mtu kilikuwa alamu. Simu zote zinachajiwa sebuleni, yangu ikiwemo. Nasisitiza yangu ikiwemo, wiki ya kwanza yule mkubwa alikuwa anakuja kukagua kama ya mama ipo pale. Ile ya video kujianzisha yenyewe nimeizima kwenye setingi kila sehemu niliyoikuta, na hiyo ndiyo imepunguza ugomvi kuliko amri yoyote. Kipindi kikiisha skrini inatulia. Mtoto anapata mahali pa kuacha bila mtu kumpokonya. Zamani nilikuwa napokonya katikati ya tukio, kelele nyumba nzima.

#9 Nyundo

Haya Mshumaa nimekuelewa zaidi kwa maelezo ya Mama Wawili, hilo la video kutulia lina mantiki. Ila swali, kuna wanaosema hata simu ikiwa mezani imezimwa inakula akili. Hilo mimi siliamini.

#10 Mshumaa

Uko sahihi kulitilia shaka. Kuna utafiti wa 2017 wa Adrian Ward na wenzake wa Chuo Kikuu cha Texas, walipima watu simu ikiwa mezani, ikiwa mfukoni au kwenye begi, na ikiwa chumba kingine. Walioacha chumba kingine walifanya vizuri zaidi kwenye majaribio ya akili kuliko wenye simu mezani. Lakini waliorudia majaribio ya namna hiyo baadaye wengine hawakuona tofauti hiyo, kwa hiyo sitakuapia. Mimi naishika sababu nyepesi zaidi, simu ikiwa chumba kingine ili uiguse inabidi usimame. Katika kusimama unajiuliza naenda kufuata nini. Lile swali ndilo lililokuwa kwenye kitufe cha "ukurasa unaofuata" kabla hawajakiondoa, na karibu kila kinachofanya kazi kwenye uzi huu kinalirudisha. Video inayosimama, grupu lililofichwa, saa ya kengele, zote.

Kuna wanaogeuza skrini iwe nyeusi na nyeupe. Wengine inawasaidia, vile vialama vyekundu vinapoteza makali, ila kwa mtu anayefanya kazi na picha ni usumbufu na mtu akisumbuka ataizima. Vile vikomo vya muda vya kwenye setingi, iPhone wanavyo na Android wanavyo tangu 2018, vinaonyesha vizuri muda umekwenda wapi lakini kitufe cha kuongeza muda kipo palepale. Dawa yake, pale simu inaporuhusu, mpe mtu wa nyumbani aweke namba ya siri ya kikomo. Na apu inayokunasa zaidi ifute kwenye simu, itumie kwenye brauza ya kompyuta kwa paswedi. Hii ndio kero pekee ninayoipendekeza mtu ajiwekee kwa makusudi.

#11 Zamaradi77

Wakuu mimi swali langu ni la mzee wangu. Ana umri mkubwa, kila wiki paswedi imemshinda, ananipigia nimsaidie, nikiwa mbali tunaishia kugombana kwenye simu, yeye anaona mimi sina subira na mimi naona hasikii. Halafu akikwama anabonyeza chochote kinachotokea, juzi karibu aingie kwenye tangazo la "simu yako ina virusi bonyeza hapa". Hiyo programu ya kutunza paswedi ataiweza kweli?

#12 Mshumaa

Zamaradi, usimpe programu. Mnunulie daftari dogo aandike paswedi zake kwa mkono wake, herufi kubwa, kila akaunti ukurasa wake, likae kabatini. Watu watashangaa lakini mwizi wa mtandaoni hawezi kufungua kabati. Asibebe nje ya nyumba na asimsomee mtu yeyote kwenye simu hata akijitambulisha ni wa benki. Pale apu inaporuhusu kuingia kwa alama ya kidole mwekee, hilo wazee wengi wanaliweza haraka.

Siku ukienda kumsalimia kaa naye na simu yake taratibu, zima arifa zote ila za kupigiwa na meseji, ingia kwenye brauza uondoe ruhusa za saiti kutuma arifa, haya matangazo ya virusi mengi yanapitia huko, mtu alibonyeza "ruhusu" siku moja bila kujua. Skrini ya mbele mwachie apu anazozitumia tu, ongeza ukubwa wa maandishi.

Na mkubaliane jambo moja. Akikutana na kitu chochote kwenye skrini kinachosema haraka au kinachotisha, asibonyeze, alaze simu kifudifudi mezani akupigie baadaye au asubiri uje. Mwambie mzee hakuna kitu cha kweli kitakachoharibika kwa kusubiri mpaka jioni. Halafu akikupigia, ndugu yangu, pokea kwa upole, akihofia kugombezwa ataacha kukuuliza na atabonyeza mwenyewe.

#13 Zamaradi77

Daftari sikulifikiria kabisa. Jumamosi naenda kwake, nitampelekea na miwani yake iliyokuwa kwa fundi. Hizo ruhusa za saiti ziko upande gani wa brauza?

#14 Fundi Kimya

Fungua brauza, vile vidoti vitatu, setingi, tafuta setingi za saiti, halafu arifa. Utaona orodha ya zilizoruhusiwa. Asizozijua yeye mwenyewe ondoa zote, ukikwama piga picha ya skrini uiweke hapa nitakuelekeza, ila hakikisha haina jina wala namba yake.